Kijumba cha ziwani: tumeenda mara mbili, nyota nne, na ile moja naeleza imeenda wapi

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake: nne kwa tano. Tumekaa kwenye hiki kijumba mara mbili, mara ya kwanza msimu wa joto, shule zimefungwa na kila mwenye gari kaamua kwenda ziwani, mara ya pili msimu wa baridi tukiwa sisi, ndege, na mzee mmoja wa ng'ambo mwenye mtumbwi wa bluu. Ningeandika baada ya ile safari ya kwanza ningetoa tatu, tena kwa kinyongo, kwa hiyo mshukuru uvivu wangu.

Kwanza muelewe hii sio hoteli. Ni nyumba ya familia ya watu, mzee na mkewe waliijenga pole pole, chumba leo, baraza mwaka unaofuata, watoto wao wakawa wanaletwa humo kila likizo, sasa watoto wameshakuwa watu wazima wana mambo yao ndo wanaikodisha zile wiki ambazo hakuna mtu. Na inaonekana. Vikombe havifanani hata viwili, mlango wa nyuma lazima uunyanyue kidogo ndo kitasa kikubali, kiti kimoja cha barazani kina mguu wa mbao ya rangi nyingine. Vyumba viwili, na juu darini kuna magodoro manne ambapo watoto wanapanda kwa ngazi na hawashuki tena mpaka njaa iwashushe. Jiko la chuma la kuni lenye bomba la moshi linatoka nje, choo kiko ndani (namshukuru Mungu kwa hili peke yake), maji ya moto yanatosha watu watatu wanaooga haraka au mtu mmoja kama mume wangu. Umeme ni wa sola, unatosha taa na kuchaji simu, pasi na mashine ya kukaushia nywele mviache nyumbani. Netiweki ipo ukisimama mwisho kabisa wa gati umenyoosha mkono juu kama unaita daladala.

Sasa vikaratasi. Yaani ukiingia tu unapokelewa na vikaratasi, vimeandikwa kwa mkono kwa herufi kubwa na vimebandikwa kila mahali, ni kazi ya mama mwenye nyumba. Kwenye sinki: BOMBA HILI LINAFUNGUKA KINYUME. Chooni: KISITUPWE HUMU KITU AMBACHO HUJAKILA KWANZA. Swichi ya nje: TAA IZIMWE, WADUDU SIO WAGENI WETU. Mlango wa chumba kikubwa: JIKO LA MKAA HALILALI NDANI. Mimi nilivyo siku ya kwanza nilinuna, nikamwambia mume wangu tumelipa hela yetu tunakuja kukaa bweni, matroni yuko wapi. Bora ningeanza kwa kuvisoma vizuri maana kila kimoja kina historia na historia zenyewe tulikuja kuzirudia moja moja kwa zamu.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu. Gatini pale pa kufungia mtumbwi kuna karatasi ndani ya plastiki: UKIPANDA KAMATA PANDE ZOTE MBILI, MGUU KATIKATI, KAA CHINI HARAKA. Shemeji yeye mtu wa mjini, kijana, gym kila siku, kaweka mguu mmoja mtumbwini mwingine bado uko gatini akasimama hivyo hivyo kutuambia tumpige picha. Mnajua kilichofuata. Mtumbwi ukaanza kuondoka taratibu, bila haraka yoyote, na yeye akawa anapanuka, anapanuka, mpaka mama mkwe akafunga macho. Simu ilienda na yeye chini. Maji pale yanamfika kifuani kwa hiyo tulicheka bila dhambi, ila ukweli ni kwamba mtumbwi mwembamba unataka uzito uwe chini na uwe katikati, ukisimama tu umeshaugeuza kuwa pembea.

Ukishajua kukaa, mtumbwi ndo raha kubwa ya pale kuliko kitu kingine chochote, na hapa nitakaa kidogo mnivumilie. Ni wa zamani, wa fiberi, kasia mbili za mbao zimeshikwa mpaka zimeng'aa. Anayekaa nyuma ndo usukani, wa mbele ni injini tu, sisi tulifanya kinyume siku nzima tukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa halafu tukaanza kulaumiana, ndoa ikayumba. Muda wa kutoka ni asubuhi mapema, jua linachomoza au kabla kidogo, maji yametulia unaona mawingu chini yako. Ikifika karibu na saa nne tano upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa sababu ardhi inashika joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda na ile ya baridi ya ziwani inakuja kujaza nafasi, na mchana wa jua kali inakuwa mawimbi mafupi mafupi yanayokupiga usoni. Usiku mchezo unageuka, upepo unatoka kwetu unaelekea ziwani. Sasa sisi tulivyo wajanja siku ya pili tukatoka saa nne, tukaenda ng'ambo tukisukumana na upepo mwanzo mwisho, mikono ikafa, tukasema angalau kurudi tutasukumwa, na kweli tulisukumwa, ila mita mia tatu pembeni ya gati kwenye matete. Karatasi ya hilo ipo pia. Iko nyuma ya mlango wa stoo ya makasia, unaiona ukiwa unarudisha makasia.

Jaketi okozi. Hapa ndo nyota yangu ilipopotelea na silegezi. Yapo matano, manne ya wakubwa na moja la mtoto, na hilo la mtoto lilikuwa kubwa kwa mwanangu wa miaka sita. Namna ya kupima ni rahisi, mvalishe, funga kila kitu, halafu mnyanyue kwa kushika mabegani mwa jaketi, likipanda mpaka masikioni basi kwenye maji atachomoka kama ndizi kwenye ganda. Pia angalieni kibandiko cha ndani kimeandikwa Newton ngapi (ndo kipimo cha nguvu ya jaketi kumuelesha mtu): 50 ni kwa mtu anayejua kuogelea, inamsaidia tu kuelea, asiyejua anatakiwa 100 kwenda juu. Mawili ya pale yalikuwa 50 na wala hakuna karatasi inayosema, yaani mama aliyeandika mpaka kuhusu bomba la sinki amesahau hili. Nilimwambia mzee kwa meseji, safari ya pili nikakuta la mtoto jipya limenunuliwa lakini yale mawili bado yapo. Safari ya pili tulibeba yetu, na nyie bebeni. Na hata kama yapo, mtu mzima mmoja awe kazi yake ni kuangalia maji tu, asiwe anachoma nyama huku anaangalia. Mtu anayezama hapigi makelele kama kwenye sinema, mdomo uko kwenye usawa wa maji, pumzi ya kuita haipo, mikono inakandamiza maji pembeni, ukimtazama kwa mbali unadhani anacheza. Tulipeana zamu za nusu saa, anayeangalia havuti simu mfukoni.

Kuogelea kwenyewe msimu wa joto kulikuwa kutamu mpaka siku ya tano. Juu maji ya uvuguvugu kabisa, ila ukisimama wima ukashusha miguu unakuta chini baridi ghafla kama umeingiza vidole frijini. Binti yangu mkubwa akaja mbio kusema kuna chemchemi. Sio chemchemi, ni ziwa lenyewe linapangika matabaka wakati wa joto, maji ya moto ni mepesi yanabaki juu, ya baridi mazito yanakaa chini, na mpaka kati yao ni mwembamba unauhisi kwa nyonga. Tulicheza nao huo mpaka mchana kutwa, nani anaugusa kwanza. Siku ya tano hakukuwa na upepo kabisa, joto kali, kona ya kushoto ya ufukwe maji yakawa kama mtu kamwaga ndoo ya rangi ya kijani. Nikakumbuka jikoni karibu na chumvi: MAJI YAKIWA KAMA RANGI YA KIJANI ILIYOMWAGIKA HAKUNA KUOGA, MBWA ASINYWE. Nilivyosoma mara ya kwanza nilidhani mama anatia chumvi. Kumbe yale ni mabakteria wanaojilisha kwa jua kama mimea, wanashamiri maji yakiwa ya joto yametulia na mbolea za mashamba zimeingia, baadhi yao wanatoa sumu, na kuchemsha hakuiondoi hiyo sumu. Watoto walilia. Tulikaa siku mbili tunayaangalia maji kama watu wanaoangalia keki dirishani.

Na kuhusu maji niseme moja kabla sijasahau, ukikodi nyumba ya ziwani popote pale swali la kwanza kwa mwenyeji lisiwe waifai, liwe kwenye maji kuna nini. Kichocho, wanyama, mkondo, vina vya ghafla, boti za injini zinapita wapi. Mzee wetu alijibu kimoja kimoja bila kukasirika na hiyo kwangu ilikuwa dalili nzuri kuliko mapicha yote aliyoweka.

Kilichotuharibia safari ya kwanza sio nyumba, ni msimu. Ziwa limejaa, boti za injini kuanzia saa tatu, muziki wa majirani watatu unagombana katikati ya maji, mbu wa kutosha kijiji kizima. Mbu tuliwapunguza kwa feni ndogo ya betri pale barazani, wale ni warukaji dhaifu mno upepo kidogo tu unawashinda, na usiku vyandarua, ambavyo vipo vinne vizima nilivikagua kwa tochi tundu kwa tundu. Nikasema siji tena. Mume wangu ndo akang'ang'ania tujaribu msimu wa baridi kwa sababu bei inashuka karibu nusu, mimi nikakubali kwa ajili ya bei tu.

Jamani. Asubuhi ya kwanza nimeamka natafuta chai, nafungua mlango ziwa halipo. Ukungu mtupu, umelala juu ya maji unapanda kama moshi wa sufuria, kwa sababu maji yanatunza joto la jana na hewa ya usiku imeshapoa kuyapita. Gati linaingia kwenye weupe na linapotea. Nilikaa pale na blanketi na kikombe kisichofanana na kingine mpaka jua likaanza kuufungua ukungu vipande vipande, kwanza ukatokea mtumbwi wa bluu wa yule mzee wa ng'ambo, umesimama tu, anavua, hajui kama anaangaliwa. Sijawahi kukaa saa nzima bila kugusa simu tangu niwe na simu.

Msimu wa baridi kuoga ziwani ni habari nyingine. Mume wangu alirukia kwa mbwembwe kutoka gatini, akatoka mdomo wazi hawezi kusema neno, nilidhani anatania. Maji ya chini ya kama nyuzi 15 yanakukata pumzi bila kukuuliza, unavuta hewa kwa nguvu hata kama kichwa kiko chini ya maji na hapo ndo hatari ilipo, kwa hiyo ingia kwa kutembea, jimwagie kifuani na usoni, usubiri pumzi itulie. Dakika mbili tatu zinatosha, halafu mbio kwenye moto.

Moto nao una karatasi mbili. Ya kwanza inasema kuni za kushoto ni za mwaka huu ZISIGUSWE, tumia za kulia. Shemeji (yeye tena) akachukua za kushoto kwa sababu ni nzuri, nene, zinapendeza. Tukapata moshi, machozi na harufu ya wiki nzima kwenye nguo. Kuni mbichi nusu ya moto wako unatumika kuchemsha maji yaliyomo kwenye kuni yenyewe, kuni kavu ukizigonganisha zinalia kama mbao za marimba, mbichi zinalia puu. Karatasi ya pili ni ile ya mkaa, na hiyo sitanii. Mama mkwe usiku wa pili akaona baridi, akataka kuingiza jiko la mkaa chumbani na dirisha lifungwe joto lisitoke. Mkaa unaoungua unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, unapata kichwa na usingizi, unalala huamki. Nikamuonyesha karatasi mlangoni, kasoma kwa sauti, akasema "huyu mama wa nyumba hii ana akili," akaenda kulala na soksi mbili. Mimi kama mkwe ningemwambia mwenyewe tungegombana, karatasi ilinisaidia.

Usiku sasa. Zima taa zote kama karatasi inavyotaka, nenda mwisho wa gati, lala chali. Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na simu moja tu ikiwashwa mnaanza upya, kwa hiyo tulikusanya simu zote kwenye ndoo. Kilimia tulikiona vizuri, mwanangu akahesabu nyota sita, binti akasema saba, wakapigana. Vikapita vile vidude vinavyokwenda moja kwa moja bila kupepesa, setilaiti, tukafika tisa tukaacha. Na jambo moja tahadharini: usiku ukitulia msisengenye gatini. Hewa iliyo karibu na maji inapoa, ya juu bado ina joto, sauti badala ya kupotelea angani inapindishwa kurudi chini na inateleza juu ya maji mpaka ng'ambo. Sisi tulisikia mtu upande wa pili akikohoa, akifungua chupa, akimwambia mwenzake tuingie ndani baridi. Kilometa nzima hiyo. Ndo nikakumbuka jioni ile nilikuwa nimemuelezea wifi yangu kwa sauti yangu yote jinsi yule mzee wa mtumbwi anavyoonekana mchovu. Asubuhi alitupungia mkono, mimi nilijifanya nafunga kamba.

Mengine haraka haraka. Kuvua tulipata vidogo viwili tukavirudisha. Bembea ya kitambaa kati ya miti miwili ni nzuri ila kamba ya juu imechakaa, ikagueni. Michezo ya bodi iko mingi na yote imepungua kitu kimoja. Ufukwe una mawe bapa mengi sana na kurusha mawe yadunde juu ya maji kulichukua mchana mzima bila mtoto hata mmoja kusema amechoka, siri ni jiwe bapa la kukaa kiganjani, ulizungushe kwa kidole cha shahada, na liguse maji limeinama kidogo tu, wanasayansi wa Ufaransa walipima wakatoa jibu mwaka 2004 kwamba nyuzi 20 ndo pembe bora. Mimi nilifika midundo sita. Rekodi ya dunia ni 88, Mmarekani Kurt Steiner, mwaka 2013. Shemeji anasema kumi na mbili, hakuna shahidi.

Barabara kilometa za mwisho ni ya vumbi, mvua ikinyesha ni ya tope, na ramani ya simu inakupeleka upande wa pili wa ziwa kwa kujiamini kabisa, fuata maelekezo ya mzee. Magodoro ya darini ni membamba kwa mtu mzima. Takataka mnaondoka nazo wenyewe, mbebe mifuko.

Mwisho ni gati. Ubao wa tatu kutoka nchi kavu umelegea, ukiukanyaga unalia kwiiii mpaka vyumbani unasikika, usiku wa kwanza wa safari ya pili uliniamsha nikatoka mbio kumbe ni binti kaenda kuangalia nyota peke yake bila kuaga. Siku ya kuondoka nikaona na mimi nichangie, nikachukua karatasi na kalamu ya mama nikaandika UBAO WA TATU UMELEGEA, UPIGWE MSUMARI, nikabandika mlangoni, na nikamtumia mzee meseji nilipofika kwenye netiweki. Akajibu baada ya siku mbili. Anasema ule ubao ameulegeza mwenyewe zamani watoto wake walipoanza kutembea, msumari ameung'oa kwa mkono wake, na mgeni yeyote akiupigilia atamkata kwenye diposti.